Kikapu cha Mbegu Kutoka Baraka

Majirani zangu wa Rugenge, mmeniuliza mpaka nimechoka. Mmoja ananisimamisha bombani nikiwa na ndoo kichwani, mwingine ananifuata hadi kanisani na kuninong'oneza katikati ya mahubiri: "Mama Zawadi, banasema ulikulaka mbegu mbele ya basoda. Ni kweli?" Si kweli. Aliyekula mbele ya wapiganaji wale ni shemeji yangu Muganza, na alikula moja tu. Kwa kuwa kila anayesimulia habari hii anaitia chumvi yake, nimeona heri niiandike mwenyewe, tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi. Anayetaka kubisha aje abishe nikiwapo.

Na niseme mapema kwamba humu nitajisifu. Nilijaribu kuandika kwa unyenyekevu, nikashindwa ukurasa wa kwanza.

Mnaijua sabuni yetu. Vita vilipofunga mpaka wa Bujumbura na maduka ya mjini yakabaki na vumbi, Uvira iliogea sabuni ya akina mama wa shamba la Nyakabere. Watoto wenu wengine waliogeshwa nayo siku ya kuzaliwa, msijifanye mmesahau. Shamba lenyewe liko bondeni, kati ya mfereji wa maji na ule ukanda wa msitu unaoufuata mto. Tulikuwa na michikichi pale, ile ambayo kwa mazungumzo tunaiita ngazi, na hatukutupa kitu chake hata kimoja. Nyama ya tunda tuliikamua mawese. Makapi yaliwasha moto wa kupikia mawese ya kesho yake. Maganda magumu ya kokwa yalikwenda kwa mhunzi, ambaye aliyapenda kuliko makaa. Mikungu mitupu tuliichoma, tukachuja majivu yake, na yale maji makali yaliyotoka ndiyo yaliyogeuza mafuta kuwa sabuni. Soda ya dukani, ile kali ya kupikia sabuni, ilipoacha kuja, wapika sabuni wengine walifunga vyungu vyao. Sisi tuliendelea.

Kisha mapigano yakapita shambani. Waliokuja kwanza walikata michikichi wakazibia barabara. Waliokuja baada yao walikata iliyobaki ili waone mbali. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia tulikuta visiki, na katikati ya visiki wanaume fulani wameshatia alama kwenye miti ya msitu wa mtoni. Walikuwa wachoma makaa. Walimwomba shefu wa kijiji awape shamba letu pamoja na msitu wote.

Kwetu ardhi ni ya shefu, lakini mti ni wa aliyeupanda, na penye mti wako hakuna wa kukufukuza. Asiye na mti ni mpita njia. Tulimwendea shefu kundi zima, naye alituambia bila kuzunguka:

"Bamama, minye siko adui yenu. Lakini shamba yenu haina ngazi tena. Mvua ya kupanda ikianguka na ngazi haiko mu udongo, nitapatia ile fasi benye makala."

Msitu ule ukikatwa mfereji unakauka. Hilo hata hao benye makala, wachoma makaa, walilijua. Kwa hiyo ilibidi mbegu zipatikane kabla ya mvua, na si mbegu za kuokota. Mchikichi wa kuokota huwa na kokwa nene na mafuta kidogo, nawe unalazimika kupanda eneo kubwa mno, mwisho unaingia msituni na shoka mwenyewe. Tulitaka ile ya ganda jembamba, inayojaza chungu kutoka kwenye shamba dogo. Kote huku aliyekuwa nayo alikuwa mtu mmoja tu, mama mmoja wa Baraka.

Nyakabere mpaka Kalundu

Tulichaguliwa wawili. Mimi kwa sababu ya mdomo wangu, ndivyo walivyosema, na Muganza kwa sababu ya miguu yake. Muganza ni mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa bondeni hasa, anayehesabu kwa Kirundi na kusali kwa Kirundi. Kazi yake ilikuwa kukwea michikichi na kuangusha mikungu. Tangu miti ikatwe alikuwa akitembea akitazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu njiani. Tulipomwambia kwamba atakwenda Baraka, alikwenda moja kwa moja kuipaka mafuta cheni ya baiskeli.

Tulifunga kwenye baiskeli kikapu kikubwa kilichojaa sabuni, maana mkono mtupu haulambwi. Hata Kiliba hatujafika, gurudumu likatoboka. Fundi wa kando ya barabara alikuwa na solusheni, ile gundi ya viraka, iliyokauka, akatuambia tungoje mwenzake arudi. Mwenzake alikuwa amekwenda msibani. Tukakaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma, na Muganza, badala ya kulalamika, alitoa kipande kimoja cha sabuni, akanawa mikono mbele ya kila aliyepita.

"Muone povu!" alikuwa akiwaambia. "Ni ya ngazi yetu, ya Nyakabere!"

"Ngazi ile iko wapi sasa?" akauliza mpita njia mmoja.

Muganza akasuuza mikono. Nilimjibu mimi yule mtu. Nilichomjibu nakiacha, maana karatasi hii inaweza kusomwa na mchungaji.

Ziwani

Kule Kalundu, bandarini, boti ya Baraka ilikuwa tayari, abiria wamejaa, baiskeli yetu imeshapakiwa, lakini haikuondoka. Kapiteni alikuwa akitazama ziwa na kusema "bado kidogo", kwa sababu chombo cha askari kilikuwa kikizunguka upande wa kusini, naye hakutaka kukutana nacho. "Bado kidogo" yake ilitukuta asubuhi ikatuacha jua likiwa utosini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwa, alipata wateja ambao hakuwaota. Ndagala zake zilikuwa safi, za alfajiri, ila mawese yake yaliungua. Nilimwambia. Akaniuliza kama ninataka kula au kufundisha. Nikala, maana njaa haina ubingwa.

Sasa, Muganza. Huyu ni mtu anayekwea mchikichi mrefu huku akipiga mluzi, kamba moja tu kiunoni, na upepo ukivuma anacheka. Lakini maji yakimpita magoti anaanza Baba Yetu. Boti ilipoacha pwani alifumba macho. Mashine ilipozimika, tukiwa tumeuacha mji nyuma na milima ya upande huu ikitutazama, aliyafumbua, akaona kwamba hatuendi popote, akayafumba tena.

Tulielea. Kapiteni aliifungua mashine, akaipuliza, akaitukana, akaipuliza tena. Watu walianza kugawana walichokuwa nacho: huyu miwa, yule karanga, yule maji. Nilitoa kipande cha sabuni na watoto wakaoshwa nyuso, kwa sababu moshi wa ile mashine ulikuwa umewafanya wote kuwa wahunzi. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika jogoo aliniuliza ninakwenda kufanya nini Baraka wakati kama huu, wengine wakikimbia kutoka huko.

"Naenda kutafuta mbegu ya ngazi," nikamwambia.

"Mu hii vita?"

"Njo mu hii vita."

Alinitazama sana. "Ngazi inachelewa kuzaa, mama. Unajua kama utakuwako?"

"Minye sijui. Lakini nikikosa kupanda, najua benye makala batakuwako."

Alicheka mpaka jogoo akapiga kelele. Mashine iliwaka muda mfupi baadaye. Sisemi kwamba ni maneno yangu yaliyoiwasha, ingawa Muganza aliiambia hivyo boti nzima.

Baraka

Mama Aziza, mwenye mbegu, alitupokea akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alilelewa kwenye shamba kubwa la michikichi lililoachwa na wenyewe, na mawe ya mpaka wake yalipoanguka yeye alibaki akiitunza ile miti bora iliyosalia, mama na baba, kama alivyoiita. Ua la mti mama analivalisha mfuko kabla halijafunguka, ili upepo na wadudu wasilete chavua, lile vumbi la uzazi, kutoka mti mwingine wowote. Kisha yeye mwenyewe anakwea ngazi ya mianzi, anapuliza vumbi la ua la mti baba ndani ya mfuko, anafunga tena. Tunda linalotoka hapo lina ganda jembamba.

Nilimkabidhi sabuni. Alinusa kipande kimoja, akakigonga ukutani, akasema, "Si mubaya."

Si mbaya! Nilimwambia kwamba sabuni hiyo imeosha mji mzima. Akaniambia kwamba mbegu zake zimepandwa mpaka ng'ambo. Nikamwambia majivu yetu hayana mfano. Akaniambia ana mti uliozaa mikungu mpaka wanaume wakaogopa kuukaribia. Tuliendelea hivyo hadi sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaiva, na nadhani siku ile tulikuwa wanawake wawili wenye furaha kuliko wote katika jimbo zima. Muganza alikuwa amekwisha kukwea mti mmoja bila kuombwa. Nilimsikia juu kule akipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu tulipopoteza shamba, nikageuza uso nisionekane.

Lakini mbegu hakutupa. Kwanza aliuliza tutazipanda wapi.

"Fasi ya zamani, kwa bisiki," nikamjibu.

"Na pori ya pembeni?"

"Pori inabaki. Inatupatia maji."

"Uape."

Niliapa. Alisema ameshawanyima watu wenye pesa na hata wenye bunduki, kwa sababu walitaka kufyeka msitu wa milimani. "Mbegu yangu haiingie mu pori," alisema. "Ngazi iko mutoto wa maji. Ukiua pori, unaua maji, na mutoto naye atakufa. Hiyo ni kazi gani?"

Mbegu hazikuwa zimeota bado, ikabidi tungoje. Alikuwa amezihifadhi chumbani penye joto, zimefunikwa, akizifungua kila siku kuzinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Tulikaa pale mpaka tukapewa majembe, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mama Aziza hakuwa mtu wa kusahau methali. Siku vichipukizi vyeupe vilipochungulia, vidogo kuliko punje ya mchele, alizipanga mbegu mwenyewe ndani ya kikapu chetu, kwenye unga wa makaa uliolowa, na kitambaa juu.

"Zisikauke, zisilowe sana," aliniambia. "Na zisisikie baridi. Ukilala kwa batu, utafute fasi ya joto."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokaribia kuniua. Mtaona.

Bariere

Hatukurudi kwa boti. Mapigano yalikuwa yamefunga ziwa, na Muganza alipopata habari hiyo alimshukuru Mungu waziwazi, jambo ambalo halikupendeza kwa waliokuwapo. Tukashika barabara ya kaskazini, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikitembea ubavuni na mkono mmoja juu ya kikapu.

Kwenye bariere moja, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, kulikuwa na wapiganaji. Sitasema walikuwa wa nani. Wakati ule hata wao siku nyingine walikuwa wakiulizana. Komanda wao alifunua kitambaa, akaona unga mweusi uliolowa na ndani yake vitu vyenye meno meupe. Aliruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hii ni dawa!" alisema. "Munapelekea nani dawa ya vita?"

Mnajua jinsi wapiganaji wanavyoogopa dawa ya upande mwingine. Wote walirudi nyuma. Nilimweleza kwamba ni mbegu, ngazi tu, za kupanda. Hakuamini. Alisema ngazi anaijua tangu tumboni mwa mama yake, na haina meno. Mmoja wao akataka kuvitupa vyote mtoni kwa mwiko mrefu, bila kuvigusa. Hapo nilisahau kuogopa. Nilikaa juu ya kikapu, si kwa uzito wote, nikashika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Utanitupa na minye!" nikamwambia. "Weye unaoga na nini? Unanukia sabuni ya ngazi kabisa. Nani aliipika? Ni mama kama minye!"

"Kama haiko dawa, mukule," komanda akasema.

Ndipo Muganza alipoinama, akachagua moja, akafuta makaa kwa shati lake, akaiweka kati ya magego. Ilipasuka kwa kishindo. Alitafuna polepole mbele yao, akameza, akafungua mdomo waone. Sote tulisimama pale tukingoja kama ataanguka au atageuka chui. Hakugeuka kitu. Alisema tu, "Iko tamu kidogo."

Komanda alianza kucheka, wenzake wakafuata, kamba ikashushwa. Tulipokwisha kupita kona nilimuuliza Muganza ilikuwaje.

"Shemeji," akaniambia, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, "ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilikuwa na kichipukizi kirefu. Nilichagua mubaya."

Kwa Mama Ester

Kijiji chenyewe kiko kabla ya Mboko, na sitakitaja jina, maana wenyewe bado wanaona haya. Tulikuta barabara ya mbele imefungwa na tukaambiwa tungoje hapo. Mama Ester, mjane wa rika langu, alituita nyumbani kwake bila kutujua. Ni mtu wa maneno machache na mikono myepesi. Alitupa maji ya kuoga kabla ya kutuuliza majina.

Upepo wa ziwa ulikuwa na baridi siku ile. Nilikumbuka maneno ya Mama Aziza, nikaingia jikoni, nikakiweka kikapu karibu na ukuta, mbali kidogo na mafiga, mahali penye vuguvugu. Nilifurahi kwa akili yangu. Kisha nikaenda ziwani kufua, na Muganza akaenda kuulizia barabara.

Ninyi mnaosoma mmeshashika vichwa. Nani kwetu hajui kwamba mgeni akiweka kitu jikoni, ni cha mama mwenye nyumba? Unachotaka kibaki chako unakaa nacho chumbani. Mimi nimefundisha binti zangu jambo hilo. Lakini nilikuwa na mbegu kichwani, na joto, na vichipukizi, na adabu yote ya kwetu ikanitoka.

Niliporudi na nguo zangu mbichi begani, nilikuta ua umejaa akina mama. Walinipigia vigelegele. Mmoja baada ya mwingine walinishika mkono, "Aksanti, mama, aksanti, mugeni wetu!" Nikadhani ni ukarimu wa kawaida, nikapokea shukrani kama malkia. Ndipo nilipoona kikapu changu katikati ya ua. Kilikuwa kimejaa ndagala kavu, maharagwe, muhogo, na chupa ya mawese iliyofungwa kwa jani la mgomba.

"Mama Ester," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "ile ilikuwa mu kikapu iko wapi?"

Alinitazama kwa furaha. "Nilibagawia. Ngazi zako zilichelewa mu njia mpaka zikaota, masikini, lakini hatukucheka. Kila mama alipata. Na kikapu haiwezi kurudi bure, bila kitu, njo maana balijaza."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga, nguo mbichi zikiwa begani. Sikulia kwanza. Nilimfikiria shefu, na wale wanaume na alama zao, na wenzangu wanaoamka kila asubuhi kutazama barabara. Watoto wawili walikuwa wamekaa chini ya ukuta, mawe mkononi, wakipasua kokwa na kula. Sauti ile, kwa, kwa, kwa, nitakufa nayo.

Kisha hasira ikaja, mnanijua. Nilisimama nikawaambia kila kitu kwa sauti ambayo ziwa lilisikia: shamba, visiki, makaa, msitu, shefu, mvua. Niliwaambia kwamba kosa ni langu, ni mimi niliyeweka kikapu jikoni kama mtu asiye na mama. Na kwa kuwa kosa ni langu, siwezi kuwaomba zirudi. Zawadi haidaiwi. Nilipofika hapo nikalia, hasira ikaisha yote.

Mama Ester alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Kisha akainama juu ya kikapu changu, akaanza kutoa. Alitoa chupa ya mawese, akatoa maharagwe, akatoa muhogo, akavipanga vyote chini, mpaka kikapu kikabaki kitupu. Akakikung'uta.

"Mama Zawadi hatudai," akawaambia wenzake. "Yeye alitoa, na minye nilipokea, imeisha. Lakini kikapu ya mugeni iko bure. Munaiona? Itarudi bure? Kila mama alete kile kiko kwake."

Walitawanyika mbio. Sijawahi kuona wanawake wazima wakikimbia hivyo pasipo milio ya risasi. Walirudi na mbegu kwenye sahani, kwenye pindo za vitenge, kwenye viganja. Mmoja alikuwa ameshaziweka juu ya jiko zikauke, alizileta akilia. Mwingine alimtoa mtoto wake moja mdomoni. Niliichukua hiyo pia nikaishukuru kama zile nyingine. Kila aliyeweka aliniambia, "Ni zawadi yangu, mama," nami nikajibu, "Nimepokea." Na zile ndagala, niliposema nitaziacha, walikataa kabisa. Muganza alirudi akakuta jambo limekwisha, akaniona nimevimba macho na ninacheka, akadhani nimepata habari ya msiba.

Mbegu nyingi zilikuwa zimeliwa au zimekatika vichipukizi. Hilo siwezi kuliremba. Na katika hizo zilizobaki, nilimwachia kila mama moja ya kupanda uani kwake, nikamweleza asifyeke pori kwa ajili yake. Muganza alinikodolea macho, kwa kuwa hata tulizobaki nazo hazikutosha. Nilimwambia kwamba kuna siku mtu anahesabu, na kuna siku haiwezekani.

Nyakabere

Wenzetu walitupokea kwa nyimbo tangu kwenye mfereji. Kikapu kilipofunuliwa nyimbo zilipungua. Mbegu zile hazikuweza kujaza hata robo ya shamba, na wingu la kwanza lilikuwa limeshasimama juu ya milima. Nilisimulia yote, sikuficha jikoni wala bariere. Mwenzetu mmoja alisema kwa uchungu kwamba tumekwenda mbali kuleta kitalu cha mchezo wa mtoto.

Ni Muganza aliyeokoa siku, na naandika hivi akinisomea begani, kwa hiyo lazima nimpe haki yake. Alikuwa amechuchumaa akichora mchanga kwa kijiti.

"Shefu alisema ngazi ikuwe mu udongo," akasema. "Hakusema katikati. Shamba ya muntu inaishia wapi? Inaishia fasi muti wake ya mwisho iko. Basi tupande ya mwisho tu."

Tulimwelewa wote kwa pamoja. Kawaida mche wa mchikichi hulelewa kitaluni mwaka mzima, lakini sisi mwaka hatukuwa nao. Tulizipanda mbegu zetu pembezoni tu, kuzunguka shamba zima: kando ya mfereji, kando ya barabara, na nyingi zaidi upande wa mto, kwenye ukingo kabisa wa msitu, mbele ya miti yenye alama za shoka. Katikati tulitia maharagwe na muhogo. Kila mama alipewa mche wake wa kumwagilia, akaujengea kivuli cha makuti makavu na uzio wa miiba, maana panya wa bondeni wanapenda chikichi changa kuliko sisi. Wakati mvua ya kwanza inanyesha, jani moja moja lilikuwa limetoka, kijani, jembamba, limesimama.

Shefu alikuja siku iliyofuata na wachoma makaa. Walikuja na mashoka yao begani. Mkubwa wao alitazama maharagwe, akatazama vile vibanda vidogo vya makuti, akainamia kimoja, akacheka.

"Shefu, hii njo ngazi? Hii ni majani ya mbuzi!"

Shefu alitembea taratibu mpaka ukingo wa msitu, kwenye mche wa mwisho kabisa, akachuchumaa, akasogeza makuti kwa kidole. Alilitazama lile jani muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya shamba, penye mche wangu.

"Nani alipanda hii?" akauliza kwa nguvu.

"Ni minye!" akajibu mama aliyesimama hapo.

Akanyoosha mkono kwenye mche wa pili. "Na hii?"

"Ni minye!"

Hakuhitaji kuuliza tena. Wa tatu aliitikia mwenyewe, na wa nne, na sauti ikazunguka, ikafuata mto, ikakata kona penye visiki, ikaja na barabara, "Minye! Minye! Minye!", kila mama amesimama penye mche wake, mpaka ikanifikia. Nikaitikia. Ikanipita ikaenda mfereji wote, ikarudi pale shefu alipo, na shamba lote likawa limezungukwa.

Shefu alisimama, akafuta udongo magotini, akawageukia wale wanaume.

"Muende," akawaambia. "Hapa kuko benyewe."

Waliyachukua mashoka yao wakaondoka kwa njia waliyojia. Nilitaka kusema neno la kujisifu, mnanijua, na nilikuwa nimeliandaa tangu Baraka. Badala yake nilisimama tu pale penye mche wangu nikilia mbele ya kijiji kizima, na sikuona haya hata kidogo.